Mshipa wa Ng'ombe Kwenye Supu ya Mama

Mama alipogoma kumeza vidonge vya presha, nilikasirika mpaka nikamfokea, Mungu anisamehe. "Siumwi popote," alinambia, "ninywe dawa ya nini?" Akaendelea kutia lastiki mpya kwenye sketi za shule, kazi yake hapa nyumbani Tibirinzi kila shule zikikaribia kufunguliwa. Mie nilikuwa naogopa kumpoteza, basi.

Nafundisha baiolojia. Siku moja nikamwomba muuza nyama mshipa mkuu wa ng'ombe, ule unaotoka moyoni, niwaonyeshe wanafunzi. Nikauweka kwenye friji. Kesho yake narudi kutoka kazini, naukuta kwenye supu.

"Mama! Ule wa darasani!"

"Wa darasani unakaa na samaki wangu?" Anatafuna, anatafuna, hamezi. "Tangu asubuhi umo motoni, haulainiki! Umeuziwa mpira, mwanangu."

Nilitaka kulia, kicheko kikanishinda. Ukuta wa mshipa una protini mbili zinazosaidiana: elastini, inayovutika na kurudi kila moyo unapopiga, na kolajeni, nyuzi ngumu zinazouzuia usivutike kupita kiasi. Moto ulishaiyeyusha kolajeni, ndiyo maana supu ilikuwa ikinata midomoni. Iliyobaki ni elastini, nayo haina habari na moto.

Nikaosha kipande, nikampa. "Vuta."

Akavuta. Kikarefuka, kikarudi. Alifurahi huyo! Akavuta kwa nguvu, kikakatika.

"Ala! Mbona dhaifu?"

"Kilichokuwa kikiushikilia umeshakinywa kwenye supu, na ndimu juu."

Tulicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Kisha nikamwambia kwamba presha ikikaa juu siku zote, ile elastini inachakaa na kukatikakatika, mzigo wote unaziangukia nyuzi ngumu, na mshipa unakakamaa. Na mwenyewe husikii kitu.

Akachukua sketi moja, akaivuta lastiki yake ya zamani, iliyolegea, haikurudi.

"Na mwili hautii nyengine?"

"Ya maana inatiwa utotoni, mama. Ukubwani karibu hakuna."

"Za watoto wa watu nazibadilisha mie," akasema polepole. "Yangu ataibadilisha nani?"

Nikainuka. Niliporudi na vidonge na gilasi ya maji, mkono wake ulikuwa umeshanyooshwa.