Chupa Namba Arobaini na Moja

Kwa miaka kumi na saba shangazi yangu alikula kwa kuuliza watu maswali. Chuo kikuu kilikuwa na watafiti wengi wasiopenda vumbi, na shangazi alikuwa na miguu. Wale wa biashara wakitaka kujua kwa nini vibanda vinafungwa kabla ya kutimiza mwaka, wanamtuma yeye. Wale wa siasa wakitaka kujua watu wanamwamini nani zaidi, diwani au nesi wa zahanati, wanamtuma yeye. Asubuhi anatoka na ubao wa kuandikia kwapani, kalamu mbili na kipande cha chaki, jioni anarudi sauti imemkauka. Mtaani walimpa jina la karatasi zake, Dodoso.

"Dodoso, una miaka mingapi?" watoto walimpigia kelele.

"Mara kumi ya yako, na adabu mara mia!"

Mimi aliniachia nisome fomu zake tupu, kwa hiyo nilizijua namba zote. Moja ni ndiyo, mbili ni hapana, tisini na nane ni sijui. Tisini na tisa ni yule anayekutazama tu bila kufungua mdomo. Baba akiuliza nani kamaliza sukari, shangazi anamjibu, "Niandikie tisini na tisa, kaka."

Kulikuwa na kanuni moja iliyonishangaza. Nyumba zilichaguliwa kwa kura huko huko chuoni. Shangazi akifika, anaandika namba kwa chaki juu ya mlango, kisha anabisha hodi. Wenyewe wakiwa hawapo, anakwenda mlango unaofuata upande wa kulia, anauliza hapo, na majibu anayaandika chini ya namba ile ile. Waliiita nyumba mbadala.

"Sasa huo si uongo?" nilimuuliza.

"Wewe nawe! Wakijibu watu mia tatu, huyu na jirani yake ni mamoja. Wanautafuta mtaa, hawamtafuti mtu."

Nikaona ni sawa. Mpaka leo, kwa maswali ya duka na kura, naona ni sawa.

Kisha wakaja watu wa sayansi. Mtafiti wao, tuliyemwita Dokta, alitaka maji kutoka visima sitini vya uani, kwenye mtaa ulio chini ya karakana inayoyeyusha betri kuukuu za magari. Alitaka kujua kama madini ya risasi yanayotoka kwenye betri yameingia ardhini. Mafunzo yalichukua nusu siku: suuza chupa mara tatu kwa maji ya kisima, jaza hadi shingoni, andika namba. Kuhusu nyumba yenye kufuli, hakuna aliyegusia. Nadhani Dokta alifikiri jambo hilo liko wazi. Shangazi naye hakuona cha kuuliza, kanuni alikuwa nayo miaka yote.

Majibu yalipotoka, visima vyote vya karibu na karakana vilikuwa na risasi, isipokuwa kimoja. Namba arobaini na moja, nyumba inayogusana kabisa na ukuta wa karakana, ilikuwa na maji masafi. Dokta alistaajabu sana, akaandika kwamba huenda pale chini pana tabaka la mfinyanzi linalochuja sumu. Makala ikachapishwa. Mwishoni, kwa herufi ndogo, shangazi alishukuriwa kwa jina lake kamili, na nakala yake aliilaza chini ya plastiki ya meza yetu ya kulia.

Makala ile ilitembea kuliko shangazi. Mwenye karakana aliibandika getini. Diwani aliipeperusha mkutanoni: "Wasomi wamesema! Nyumba iliyo ukutani inakunywa maji safi, nyie wa mbali mnalia nini?" Watu wa biashara wa chuo nao wakaitaja kwenye ripoti yao ya ajira zinazoletwa na karakana. Tanuri likaendelea kuwaka. Kila nyumba ililetewa karatasi. Nyingi ziliandikwa msinywe. Ya arobaini na moja iliandikwa maji yenu ni salama.

Yote hayo niliyajua kama mtu anavyojua habari za redio, hadi rafiki yangu tunayekaa naye dawati moja alipokosa shule wiki mbili. Nikampelekea madaftari. Sikuwahi kufika kwao. Juu ya mlango niliona 41, na ile nne ilikuwa kama kiti kilichopinduliwa. Hakuna mwingine anayeandika nne namna hiyo.

Rafiki yangu alikuwa akimuuguza mdogo wake wa miaka minne. Walimwita Bonge kwa ajili ya mashavu. Mashavu hayakuwepo tena. Alijikunja mkekani ameshika tumbo, midomo imepauka.

"Huyu alikuwa anakuhesabia mpaka ishirini kwa biskuti moja," rafiki yangu alisema. "Bonge, mhesabie dada."

"Moja," alisema Bonge. "Mbili." Akanitazama kana kwamba namba zilizobaki nimemficha mimi.

Mama yao aliingia akifuta mikono. "Zahanati wanasema minyoo. Dawa ya minyoo, hii mara ya tatu."

"Mama, na maji?" nilimuuliza.

"Daktari aliuliza hivyo hivyo, nikamwonyesha cheti, akaridhika." Alikitoa kabatini, kimefungwa vizuri kwenye nailoni. "Ila najiuliza, waliteka lini? Uani kuna kufuli na ufunguo nalala nao. Wiki ile ya chupa sote tulikuwa kwenye mazishi ya mkwe wangu. Labda wasomi wana mashine ya kunusa!"

Akacheka. Nami nilicheka, halafu nikatoka kuitazama tena ile 41 juu ya mlango.

Nilimkuta shangazi akichambua mchele.

"Shangazi, arobaini na moja ulimkuta nani?"

"Kufuli. Nikaenda kulia, kwa yule mwenye kisima kirefu cha mashine, kinachovuta maji ya chini kabisa. Kwani vipi?"

"Uliteka hapo?"

"Sasa ningeteka wapi? Ndiyo kan..."

Mkono ulisimama ndani ya ungo. Niliona jambo lile likimfikia taratibu, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kwa mbali. "Watu ni mamoja," alisema polepole. "Kisima..." Hakuimaliza. Nilipomweleza habari za Bonge, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na mchele ukamwagika miguuni.

Asubuhi yake ilikuwa Jumamosi. Nikafuatana naye kwa Dokta. Dokta alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaufunga mlango.

"Umeshamwambia nani?"

"Nakwambia wewe."

"Basi tulia, mama. Miezi mitatu ijayo tunachukua maji tena. Tutasahihisha bila kelele."

"Dokta, kuna mtoto."

"Hatujui kama ni maji. Mtoto mmoja si takwimu."

"Alikuwa anahesabu mpaka ishirini."

Dokta alivua miwani, akaisugua bila sababu. "Ukilisema hili nje, hakuna mtafiti atakayekupa fomu tena. Na mimi sitaweza kukutetea."

"Sikuja kutetewa," alisema shangazi. Akavua kitambulisho shingoni na kukiweka mezani. Kamba yake ilikuwa imemchora mstari mweupe shingoni, miaka kumi na saba ya jua.

Tulikwenda moja kwa moja arobaini na moja. Shangazi aliyasema yote akiwa amesimama mlangoni, chini ya namba yake mwenyewe. Mama yake Bonge alimsikiliza akiwa ameshika birika.

"Kwa hiyo hiki cheti..."

"Ni cha maji ya jirani, dada yangu."

"Ulishindwa kurudi kesho yake?"

Shangazi alimtazama tu. Nikajua ni namba gani ingeandikwa pale.

Mama yule alimwaga birika mlangoni. Akaingia ndani, akamwaga mtungi, akamwaga sufuria ya maharage iliyokuwa inachemka. Alipomaliza alimwambia binti yake, "Mvishe mdogo wako." Kisha akamgeukia shangazi. "Na wewe unakwenda nasi. Utamwambia daktari kwa mdomo wako."

Damu ya Bonge ilikutwa na risasi nyingi mno. Kuna dawa ya kuitoa, na alipewa. Daktari alisema yaliyokwisha kuharibika kichwani huenda yasirudi, na kwamba miezi ile ya minyoo ndiyo iliyomponza zaidi.

Masahihisho ya Dokta yalitoka baada ya nusu mwaka, mistari minne. Diwani hajayapeperusha. Karatasi ya getini bado ipo. Shangazi hajapewa fomu tena, na kila asubuhi hubeba ndoo mbili kutoka bombani hadi arobaini na moja. Anaziweka mlangoni na kuondoka. Hawamkaribishi, wala ndoo hawazikatai.

Mimi huenda Jumamosi na vizibo vya chupa, tunahesabu na Bonge. Wiki iliyopita alifika saba. Jana aliishia nne.