Alama Saba za Muhogo

Kwetu, ng'ambo ya mpaka karibu na Beni, mama alikuwa na kanuni moja tu: muhogo wote ni mchungu, wenye sumu, mpaka ulowekwe siku tatu. Niliiona kanuni ya kivivu. Nusu ya shamba letu ilikuwa muhogo mtamu, wa kuchemsha na kula papo hapo, nasi tukikaa na njaa tukitazama ndoo.

Nikaanza kutafuta alama. Kwanza kikonyo cha jani: kikiwa chekundu, muhogo mchungu. Shina moja likaniumbua, nikaongeza upana wa jani. Jingine likaniumbua, nikaongeza rangi ya gome, halafu umbali kutoka kwenye kichuguu. Kila nilipokosea niliongeza alama, hadi zikafika saba, na shambani mwetu sikukosea tena. Nilivimba kichwa.

"Tumbo ya mutoto haijue rangi ya majani," mama alisema.

Miaka ya sitini vita vikatusukuma kuvuka mpaka hadi Bwera. Mkulima mmoja wa Karambi akatupa pembe ya shamba lake tuchimbe tule. Asubuhi moja mama alikwenda kutafuta kibarua, akaniachia mdogo wangu wa kike wa miaka minne, na agizo lile lile: "Loweka yote. Siku tatu, ata kama analia."

Alilia. Tangu jana yake hakuwa ametia kitu tumboni. Niliingia shambani na alama zangu saba, nikachagua shina ambalo zote zilisema ni la muhogo mtamu, nikachemsha. Sikuonja, nilitaka ashibe yeye. Alikunja uso, lakini akala. Mchana alitapika, akalegea mikononi mwangu, na mama aliporudi mtoto alikuwa ameshakufa.

Mama alimchukua mikononi mwangu. Heri angenipiga.

Sasa mjukuu wangu anafundisha kompyuta kutenganisha picha za majani mazima na yenye ugonjwa. Ananieleza kwa furaha kwamba ikipewa alama nyingi mno hukariri picha ilizofundishwa, ikazipatia zote, kisha ikashindwa na ngeni. Kwa hiyo yeye hupunguza alama, na picha nyingine huziweka kando za kuijaribia kabla haijaaminiwa.

"Bibi, unanielewa?"

Namwitikia tu. Mimi sikuweka kitu kando. Nilijaribia kwa mdogo wangu.