Eda ya Mwanapili

Shaame alipoanguka kutoka juu ya mkarafuu akafa, kijiji cha Chokocho kilikuwa kimeshagawika. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na watu wa vyama viwili hawakuwa wakisalimiana, wala kununua katika duka moja, wala kuzikana. Shaame alikuwa na chama chake. Karibu mtaa mzima ulikuwa na kingine. Jeneza lake lilibebwa na ndugu zake kutoka Tumbe, wakipokezana wao kwa wao njia nzima, na majirani wamekaa barazani wakitazama kando.

Baada ya hitima ndugu wale walirudi kwao. Mkewe, Mwanapili, akabaki ndani kukalia eda, pamoja na mama mkwe wake, Bi Siti, ambaye miguu yake ilikuwa imeshachoka.

Kizuka, mjane aliye edani, hatoki nje. Mwanapili alilijua hilo tangu utotoni, lakini vizuka aliowahi kuwaona vyumba vyao vilijaa wanawake: huyu kaleta uji, yule anafua, mazungumzo hayakatiki. Kwake hakuja mtu. Alikaa mkekani akikisikiliza kijiji kwa dirisha dogo: vinu vikitwanga, ndoo zikigonga kisimani, wanawake wakicheka kisha wakinyamaza ghafla. Wakinyamaza, alijua Bi Siti amefika. Bibi alirudi na nusu ndoo, akihema.

"Kakusaidia nani?"

"Nipokee maji, mwanangu."

Kifua kikaanza kumbana. Chakula hakikupita. Moyo ulimwenda mbio hata akiwa ameketi, na usingizi ukampotea kabisa. Adhuhuri moja alijikuta amesimama, mkono uko kwenye komeo la mlango, hajui amefikaje pale.

"Mie nnakufa humu, mama."

"Ukitoka watasema hata eda ya mume imekushinda," alisema Bi Siti. "Ndilo wanalolingoja."

Akarudi mkekani. Hakulia. Tangu siku ya maziko alikuwa hajalia, kwa kuogopa sauti isije ikatoka nje wakaifurahia.

Aliyekuja mwishowe ni Tatu, jirani wa nyuma, ambaye babu zake walitokea bara. Mumewe, Nyange, aliwahi kukunjana mashati na Shaame mkutanoni. Tatu alipitia uwani mchana kweupe, ndoo ya maji kichwani, fungu la miyaa ya kusukia mikeka kwapani.

"Hodi, Bi Siti. Hodi, Mwanapili."

"Karibu," alijibu Mwanapili kwa mashaka. "Mumeo anajua?"

"Atajua. Weye umekula?"

Akaketi, akamkatia miyaa, wakaanza kusuka ukili, kila mmoja wake. Kisha Tatu akauliza, "Alianguka vipi?"

Hapakuwa na mtu aliyewahi kumuuliza. Mwanapili akaeleza: alimpelekea chai shamba, Shaame akainama tawini amtanie kwamba kaisahau sukari, na tawi likakatika. Hapo kilio kikamtoka kwa sauti. Alijaribu kujiziba mdomo, Tatu akamshika mkono.

"Lia tu. Nnakusikia mie."

Alilia mpaka akalala palepale, akaamka alasiri.

Jioni ile Nyange alimkabili mkewe. "Nasikia umeingia nyumba ya Shaame."

"Shaame kafa. Nimeingia kwa Mwanapili."

Kwa siku kadhaa Nyange hakumsemeza. Kisimani wanawake nao wakaanza kumpa Tatu mgongo. Alimhadithia Mwanapili hayo huku akicheka, lakini vidole vyake vilisuka kwa haraka. Hata hivyo kesho yake alikuja tena.

Kuta zilikuwa zilezile. Tatu akichelewa kuja, kifua kilimbana Mwanapili upya na macho yakaenda kwenye komeo. Akisikia nyayo uwani, pumzi ilimshuka, akaweza kula. Mwanabaraka, mke wa mwenye duka, alikuja mara moja tu. Aliweka bakuli la kunde kizingitini, akaondoka bila kusema neno.

Eda ilipokwisha, Tatu na Bi Siti walimwogesha Mwanapili, wakatoka naye njiani. Aliowasalimu, wengine waliitika, wengine walifunga milango. Kuna waliokuja kufa bila kusemezana naye tena.

Masika yalipoanza, Nyange alifika na mzigo wa makuti begani. Akasimama mbali kidogo, macho yake paani.

"Shemeji, wapi panavuja?"

"Juu ya kitanda," alijibu Mwanapili.

Nyange akapanda, akaanza kuyang'oa makuti yaliyooza.