Nilivyomsomea mama mkwe riwaya ya wakili mwanamke kupitia ukuta wa jiko

Wakuu, heshima kwenu. Nipo Segese, na haya ninayoandika majirani zangu wote ni mashahidi.

Wife alipata nafasi ya kusoma sheria Mwanza. Tuna watoto watatu, Kulwa, Doto na Shija, na wa kukaa nao ni mama mkwe tu. Mama akagoma. "Mwanamke abishane na wanaume mbele za watu? Hapana."

Wife alilia siku mbili. Iliniuma sana.

Nikakumbuka riwaya ya wife ya upelelezi, ya enzi za mkoloni. Wakili wa kwanza mwanamke katika nchi yao anamtetea mpishi aliyesingiziwa kumuua bosi wake. Nikasema mama akimpenda huyu, tumeshinda.

Sasa kwa sisi Wasukuma, mkwe na mama mkwe hawakai pamoja wakapiga stori. Ikabidi yeye akae jikoni anachambua dagaa, mimi nje nimeupa ukuta mgongo, nasoma kwa kupaza sauti.

Siku ya tatu majirani walikuja na viti vyao. Jamaa wa karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, akawa anazima mashine ili asikie.

Nikafika pale jaji anamtoa wakili nje, eti mahakamani si mahali pa mwanamke. Nikaona hapa naharibu. Nikairuka sura nzima kimya kimya.

Sauti ikatoka jikoni. "Baba Kulwa."

"Naam, mama."

"Huyo binti alikuwa anaingia asubuhi. Mbona sasa ni jioni na analia? Rudi ulikotoka."

Nikarudi nyuma, nikaisoma sura yote. Nilipomaliza, nikafunga kitabu. Nikajua kwisha habari yangu.

"Wamemtoa?"

"Wamemtoa, mama."

"Na mpishi wa watu kabaki na nani?"

"Peke yake."

Nikasikia ungo ukiwekwa chini. "Mwambie mwenzako afungashe. Watoto nitakaa nao. Mmoja akitolewa, mwingine awe mlangoni."

Wakuu, nilitokwa na machozi, siwafichi.

Wife kaondoka Jumatatu. Kaondoka na kitabu. Zimebaki sura mbili na muuaji hajajulikana.

Jamaa wa karasha hanisalimii tena.

Funzo: usimrukie mama mkwe kurasa, na kagua begi la wife kabla halijapanda basi.

Nyie mnamshuku nani? Mimi nasema karani wa yule bosi. Mama mkwe anasema mke wa marehemu, na ameagiza niwaulize.