Kiunganishi Walichogombania Mashemeji

Gunnvor Eidissen huandika programu za mtandao hapa Sortland, mji wetu mdogo wa kaskazini penye theluji, katika ofisi iliyo juu ya duka la mikate, pamoja na Eilif, mume wa mdogo wake. Kikundi chetu cha uokoaji milimani kiliwaomba ramani ya kuonyesha kila mmoja wetu alipo, kwa kutumia simu zetu.

Kazi ikakwama kwenye jambo moja: simu na seva ziongee kwa kiunganishi kipi, yaani kwa njia ipi ya kupeana taarifa. Eilif alikipenda kile kipya, kinachoacha laini wazi muda wote. Ukisogea, nukta yako kwenye ramani inasogea papo hapo. Gunnvor alitaka cha zamani: simu inatuma mahali ilipo, inapokea jibu, inakata, kisha baada ya muda inatuma tena.

“Shemeji, hayo mambo ya enzi za babu,” Eilif alimcheka. “Nukta zitaruka kama vyura.”

“Afadhali chura kuliko maiti inayoonekana hai.” Gunnvor alikuwa ameijaribu laini ya Eilif nyuma ya mlima. Mtandao ulipopotea laini ilikufa kimyakimya, na nukta yake ikabaki palepale, ya kijani, kana kwamba bado yuko hewani.

“Nitarekebisha wiki ijayo.”

Kabla wiki haijaisha, fundi bomba mmoja aliyekwenda kuteleza kwenye theluji hakurudi. Kiongozi wetu akaitaka ramani vilevile ilivyo. Pale kituoni kwetu, Torbjørg, mke wa Eilif na mwokoaji mwenzetu, alikuwa tayari anafunga buti.

“Washa yangu,” Eilif alisema. “Ikikatika nitaona.”

“Utaonaje, na yenyewe haijui kama imekatika?”

“Nyie wawili, watu wanaondoka!” kiongozi alifoka.

Gunnvor akawasha ya kwake. Eilif akapiga meza ngumi, akaenda kusimama dirishani.

Huko mlimani tulikwenda kwa kusuasua. Timu moja ilipitiliza bonde kwa sababu nukta yao ilichelewa, na amri ya kuingia humo ikawafika wameshavuka.

“Umeona ulichofanya?” Eilif alisema kule kituoni, kama tulivyosimuliwa baadaye. Gunnvor aliendelea kuitazama skrini. Alijua hapo shemeji yake yuko sahihi.

Kisha nukta ya Torbjørg ikawa ya kijivu: simu yake ilikuwa imeacha kutuma.

“Mtandao tu huo,” kiongozi alisema.

“Wenzake wako mteremko uleule, na simu zao zinatuma,” Gunnvor alisema. Alikuwa anamzungumzia mdogo wake.

Eilif alitoka dirishani, akaitazama skrini. “Mpelekeni mtu,” alisema, kwa shida.

Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilimkuta Torbjørg ndani ya ufa, ukingo wa theluji umemvunjikia, mguu umevunjika, simu imepondeka chini yake. Upepo ulikuwa mkali hata sikumsikia akiita mpaka nilipofika juu ya kichwa chake. Fundi bomba alipatikana mchana ndani ya kibanda cha wawindaji, anatetemeka, anadai kahawa.

Mashemeji hawakuombana radhi. Jumatatu walikuwa wanabishana tena: Eilif alitaka simu zitume mara kwa mara zaidi, Gunnvor akahofia betri kuisha kwenye baridi. Mwishowe wakakubaliana simu zitume kila nusu dakika. Laini wazi ikabaki kituoni kwa viongozi, ambako kuna waya usiokatika.

“Na nukta ikinyamaza,” Eilif alisema huku akiandika, “ramani ipige kelele. Rangi peke yake haitoshi.”

“Hilo andika wewe,” Gunnvor alimwambia.