Kupogoa Mizabibu ya Hajjati

Alhamisi, Februari inaanza. Jeddah tuliiacha na jua lake, lakini huku mlimani, njia ya Taif, ukungu umelala juu ya kuta za mawe na baridi inauma vidole. Mwandiko wangu ukienda upande, sababu ni hiyo. Au sababu ni mie mwenyewe, maana shule sikuimaliza.

Leo mwenye shamba, Hajjati, amekuja kutoka Riyadh kutoa neno la mwisho.

Shamba hili ni la zamani. Babu wa marehemu mumewe ndiye aliyepanga haya matuta, jiwe juu ya jiwe, akapanda zabibu nyekundu. Wazee wa Balad, mji mkongwe wa Jeddah, mpaka leo wanazisifu: ganda jembamba, tamu, zikishushwa Jeddah makapuni na umande wake. Mtunzaji wa mwisho, Myemeni, aliporudi kwao, baba mkwe wangu akaomba yeye azitunze. Alikuwa ndiyo kwanza amestaafu Bandari ya Jeddah, na marehemu alikuwa rafiki yake hapo bandarini. Na mama mkwe alikuwa ametangulia mbele ya haki mwaka huohuo. Nyumbani baba alikuwa akikaa kuutazama mlango tu. Alipopewa mizabibu akaanza tena kuchana ndevu, kuuliza kumepikwa nini, kunigombeza kwa chumvi.

Lakini misimu miwili sasa mizabibu inatoa majani matupu. Zabibu zilizotoka zilikuwa ndogo kama pilipili manga, chungu. Watoto wa Hajjati wanataka ing'olewe, pajengwe istiraha ya kupumzikia. Sitaki kuwasema vibaya. Wamekulia Riyadh, shamba haliwapi kitu, na baba wanamheshimu. Huenda ningekuwa wao ningesema hivyohivyo. Ila nilikuwa nikijiuliza, ikiondoka mizabibu, huyu mzee nitamrudisha wapi? Kule mlangoni?

Hajjati alishuka garini na mkongojo wake, akasimama mbele ya tuta la kwanza. Matawi yalikuwa yamefungana, yamepanda ukutani, yamerudi chini, yameshika hata bomba la maji.

"Ya haji," akamwambia baba, "nilikuachia shamba, umenifugia ndevu?"

Baba akacheka kidogo, cheko la aibu. "Inanawiri, Hajjati. Maji inapata, samadi inapata."

"Mkasi je, inapata?"

Baba akainamisha kichwa. Akatazama viatu vyake.

"Hujakata hata mara moja?"

"Yaliyokauka nimeyaokota. Mabichi… mkono hauendi."

Mie nilijua kwa nini, nikamweleza Hajjati, ingawa sina hakika kama ilikuwa nafasi yangu kusema. Baba alizaliwa Pemba, kwenye mikarafuu. Aliletwa huku mtoto, mwaka wa sitini na nne, lakini aliwahi kupanda na wachumaji. Kule tawi la mkarafuu hufungwa kamba likavutwa taratibu, kwa adabu. Mtoto aliyevunja tawi alichapwa, na mama yake akasemwa kijiji kizima. Mtu aliyefunzwa hivyo, umpe mkasi umwambie akate mti mzima wenye uhai?

Hajjati alinisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atakasirika. Akaguna tu, akasema, "Basi umeilea kama bibi harusi, haji. Inaringa, haizai."

Akaniagiza mkasi wa kupogolea kutoka garini. Akaniambia nimshike kiwiko. Alipoolewa, mama mkwe wake ndiye aliyemfundisha kwenye tuta hilihili. Akatuonesha: tawi la mwaka jana unalifuata mpaka karibu na shina, unahesabu macho mawili, vile vifundo vya kuchipulia, unakata juu yake. Zabibu hutoka kwenye chipukizi jipya la macho hayo. Ukiacha tawi lote, nguvu inaishia majanini.

Alikata moja. Vidole vyake vina baridi yabisi, la pili likamshinda. Akamnyooshea baba mkasi.

"Yalla."

Baba aliushika kama mtu aliyepewa nyoka. Akasema bismillahi, kisha akaunong'oneza mzabibu, "Niwie radhi." Akakata. Tawi refu likaanguka mikononi mwangu.

Pale alipokata pakatoka maji, tone moja, halafu jingine. Yakateremka juu ya gome. Baba alirudi nyuma.

"Unalia, Hajjati! Tumeuua!"

"Kuni kavu hazilii," akasema Hajjati. Alilipangusa tone kwa kidole, akakitazama kidole kile kwa muda. Nadhani alikuwa akimkumbuka mtu, lakini hakusema, na mie sitamsemea. "Tumechelewa kidogo kukata, basi. Mzizi ushaamka. Kata, haji, usisimame."

Akakata. Kwenye tuta la tatu hakusita tena, ila radhi aliomba kila shina, mpaka Hajjati akamwambia, "Waombe wote mara moja, tutalala hapa!"

Ukungu ulipoondoka, matuta yalionekana uchi, mashina mafupi meusi na mawe. Nikasema kimoyomoyo, kazi ya greda la kung'olea tumeimaliza wenyewe.

Hajjati alikaa kwenye kiti cha plastiki, akampigia mwanawe wa Riyadh. Nilisikia upande wake tu. "La, msije na greda Jumamosi. Mpaka kiangazi… Nimeiona mwenyewe. Imelia… Halas, nimesema kiangazi." Akakata simu, akamwambia baba, "Ikitoa majani matupu tena, sitakutetea."

"Haki yako," baba akajibu.

Kwa hiyo sijui kama itazaa. Macho mawili kila tawi, na miezi ya kungoja. Baba alichelewa kuingia ndani. Alikuwa akipita tuta kwa tuta, akigusa mashina.

Hajjati hakutaka kuteremka leo. Magharibi tulikula sote watatu chumba cha mtunzaji, boko boko la ngano na kuku nililolipika juu ya moto wa kuni, na samli juu yake. Baba alisema chumvi imezidi. Hajjati akasema haijazidi, akaongeza nyingine.