Kinyozi na Zamu Yake ya Kulia

Kinyozi huyu ametuliza watoto wa mtaa mzima kwa mdomo. Mtoto akiona mashine ya kunyolea anaangua kilio. Yeye humwuliza paka wao anaitwaje, na kabla paka hajatajwa, kichwa kimeshang'aa. Lakini mkuki kwa nguruwe. Siku alipoambiwa kidole gumba chake kinacholegea kipimwe kwa sindano, alitoka hospitali kupitia mlango wa jikoni.

Gumba halikumsubiri. Liliendelea kulegea hadi mashine ikamponyoka na kumchimbia mteja barabara utosini.

"Mkono ukifa, mume wangu, utanyoa kwa meno?" mkewe aliuliza.

Ndiyo maana leo mama huyo ameweka kiti chake mlangoni kabisa mwa chumba cha vipimo hospitalini.

Daktari, mwanamke wa makamo, alisugua viganja vikapata joto kabla ya kumshika. Akamwonyesha sindano: nyembamba, haina dawa, kazi yake kusikiliza msuli na kuutoa sauti kwenye spika ya mashine ya kupimia. Msuli wa gumba ndio unaouma zaidi, kwa hiyo utakuwa wa mwisho, na kinyozi akisema basi, yeye ataacha. Kisha akachoma msuli wa kwanza, huku akimwuliza watoto waliao huwafanyaje.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kinyozi hajawahi kusimulia bila mikono. Alipofika kwenye paka, mkono ukakaza kumwonyesha mkia, sindano ikauma, na spika ya mashine ikanguruma kama mvua juu ya bati. Akaangalia mlango. Mlango ulikuwa umezibwa na kiti cha mkewe.

"Simulia kwa mdomo tu, baba," daktari akasema. "Mkono uache ulale. Mvua hii ya spika ikikatika, na maumivu yanapungua."

Ilikuwa kama kuambiwa aimbe bila ulimi. Akaulegeza mkono, kidole kwa kidole, hadi spika ikanyamaza. Daktari akavuta ngozi ikakaza, akachoma kidogo, akasogeza kidogo. Lilikuwa jambo la kuvumilika.

Zamu ya gumba ilipofika, akaikatiza hadithi na mkono ukakaza. Mvua ikaanza kunyesha.

"Na huyo paka," mkewe akauliza kutoka mlangoni, "alikuwa anaitwaje?"

Kinyozi akafikiri. Akafikiri sana. Mvua ikakatika.

"Hata mimi silijui," akakiri. "Hakuna mtoto aliyewahi kufika hapo."

Alipogeuka, daktari alikuwa ameshamaliza gumba, anabandika pamba. Neva imebanwa kwenye kifundo cha mkono, akaeleza, lakini haijafa. Upasuaji mdogo utaiachia.

Kinyozi akamtazama mkewe kwa jicho la mtu aliyenyolewa bila kujua.